Kubebwa si Kukaribishwa: Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twataka kunena juu ya wageni wenye ulemavu wanaokuja kutembea hapa pwani, kwa kuwa wengi miongoni mwetu wana nyumba za wageni na mikahawa.

Wazee walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni wa kiti cha magurudumu akikuta ngazi mlangoni, vijana wanne humwinua juu. Nia yao ni njema. Walakini kubebwa si kukaribishwa. Mtu mzima hapendi kungojea mabega ya wenziwe kila atakapo kwenda msalani.

Jambo hili si hisani. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 30 chataja mahali pa utalii. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa watu wote.

Tukumbuke pia karakana ya Bombolulu, Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mafundi wenye ulemavu wamefanya humo mapambo ambayo watalii wengi wameyanunua. Mikono hiyo imeiletea pwani wageni. Itakuwa aibu kubwa mafundi wenyewe wakishindwa kuingia nyumbani mwetu.

Kazi yenyewe yapimika. Hesabu iliyozoeleka ya mteremko ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo yataka sentimita 12 za urefu. Basi ngazi tatu, kila moja sentimita 15, zataka mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 au zaidi, na msalani pawe na chuma imara cha kushikia. Asiyeona asomewe orodha ya vyakula, tena aulizwe yeye mwenyewe, si mwenziwe. Kiziwi aandikiwe.

Wengine watasema, gharama ni nyingi na wageni hao ni wachache. Twajibu: watakujaje, na mlango hauwapitishi? Tena mteremko huo utamfaa mzee mwenye bakora, mama mwenye mtoto mchanga, na mchukuzi wa mizigo. Nasi pia, kabla hujafa hujaumbika.

Kwa hiyo twaomba kila mwenye nyumba ya wageni apime mlango wake na ngazi zake, akamletee Katibu hesabu kabla ya mkutano ujao. Mgeni akiuliza kabla ya safari, tusimwambie tu ya kuwa yote ni tayari. Tumpe hesabu ya kweli, aamue mwenyewe. Afadhali akose kuja kuliko kufika na kuachwa kizingitini.

Ni sisi watumishi wenu, wa Kamati.