Lingwistiki si Kifaransa tu: panga masomo yako mbele ya kulipa minerval

Maneno kwa vijana wa Beni na Butembo wanaojitayarisha kuingia iniversite



Leo hatusemi juu ya barabara wala juu ya umeme. Tunasema juu ya masomo.

Munajua namna inaendaka. Matokeo ya EXETAT ikitoka, kijana anaulizwa nyumbani: utasoma nini? Akijibu droit, wazazi wanafurahi. Akijibu medecine, wanafurahi na wanaogopa bei. Akijibu lingwistiki, kimya. Kisha mjomba mmoja anauliza: "Ni kwa kufundisha Kifaransa?" Swali la mjomba haliko baya. Mtu anayelipa ana haki ya kujua pesa yake inaenda fasi gani. Basi tumujibu vizuri.

Lingwistiki, ile Watanzania wanaita isimu, ni elimu ya kuchunguza lugha: sauti zake, namna maneno inajengwa, namna sentensi inasimama, na namna maana inapita toka mtu mmoja mpaka mwengine. Haikufundishi kusema lugha kumi. Inakufundisha kuona namna lugha yoyote inafanya kazi, hata ile ya bibi yako. Na lugha ya bibi haiko ndogo. Kinande iko na vokali saba, na vokali ya mbele ya neno inabadilika kufuata vokali ya mzizi. Jambo hilo munalifanya kila siku bila kulifikiri, lakini wataalamu wa Marekani na Ulaya wameliandikia vitabu. Mmoja wa wale walioifungua njia ni mtoto wa kwetu, profesa Ngessimo Mutaka, aliyeandika juu ya toni za Kinande na akafundisha miaka mingi kule Yaoundé, Kameruni.

Lakini tuseme ukweli: kujua vokali peke yake hakutoshi kulisha nyumba. Ndiyo maana nawaambia: musisome lingwistiki ikiwa peke yake. Chagua shida moja ya lugha inayoumiza watu wetu, kisha ujenge masomo yako kuizunguka. Shida ndiyo itakuonyesha fakilte gani ya pili uigongee mlango.

Shida ya kwanza ni ya sheria. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 1, inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni ine: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa lazima aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoisikia. Kifungu cha 142 kinaomba serikali itangaze sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha zile ine, ndani ya siku 60 kisha sheria kutiwa sahihi. Ulizeni mama anayeuza makala kwenye soko kama amekwisha kuona sheria moja kwa Kiswahili. Na tusidanganyane: kutafsiri sheria si kazi ya mtu anayejua Kifaransa na Kiswahili basi. Anapashwa kujua tofauti ya mtu anayeshukiwa, mtu aliyeshtakiwa na mtu aliyehukumiwa. Sisi katika maneno yetu ya kila siku, wote watatu tunawaita tu "wafungwa".

Tena lugha inaweza kuua, na hapo pia tribinali inahitaji mwenye kujua. Tarehe 2 Septemba 1998, kule Arusha, tribinali ya kimataifa juu ya Rwanda ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre wa Taba. Alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na tribinali ya kimataifa kwa kosa la jenosidi. Katika kesi ile, majaji walipashwa kuelewa maneno ya Kinyarwanda kama "Inkotanyi" na "Inyenzi": yalitaka kusema nini mwaka 1994, mbele ya watu gani, na msikilizaji alisikia nini? Walimuita mtaalamu wa lingwistiki, Mathias Ruzindana, awaeleze. Kamusi peke yake haingeweza. Sisi tunaoishi katika inchi fasi maneno ya chuki inapita kila siku katika WhatsApp, tunajua uzito wa kazi hiyo.

Shida ya pili ni ya afya, na hapa Beni na Butembo hakuna mtu wa kutufundisha. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, na ikaondoa watu zaidi ya 2.200. Katika miaka ile, maneno mapya ilimwangika juu yetu. Chukueni moja tu: "contact". Kwa kijana wa hapa, kontakti ni namba ya simu. Kwa muganga wa riposte, kontakti ni mtu aliyemgusa mgonjwa, anayepashwa kufuatwa siku 21. Mtu akiambiwa "uko kontakti" na hakuna anayemweleza kwa Kinande ao kwa Kiswahili ya hapa, atafikiri nini? Atafikiri amekwisha kuwa mgonjwa, ao wanamutafutia mambo. Atakimbia. Si juu hana akili. Ni juu ujumbe haukumufikia. Mtu aliyesoma lingwistiki pamoja na afya ya jamii angejua kupima ujumbe kwa watu kumi mbele ya kuupeleka kwa watu elfu kumi.

Shida ya tatu ni ya kompyuta. Mashine inayotafsiri na ile inayosikiliza sauti zinajifunza toka maandishi na sauti ambazo watu wamezikusanya. Lugha isiyo na maandishi mingi inabaki inje. Kiswahili sanifu ya Dar es Salaam imekwisha kuingia. Kiswahili yetu, yenye "batu" na "tuko na", inaonekana kama kosa. Toka 2019 kuko watafiti wa Afrika waliojiunga katika Masakhane, jina la kizulu lenye kusema "tunajenga pamoja", kwa kufanyia lugha za Afrika kazi hiyo. Mwanafunzi mwenye kujua fonetiki, takwimu kidogo na programu kidogo anaweza kuanza kazi kama hiyo na simu ya kurekodi tu, kama anajua kuandika vizuri kile alichosikia.

Sasa tufike kwenye mpango wenyewe.

Katika sistemi ya LMD, lisanse ni miaka mitatu, kredi 180, maana yake kredi 30 kila semestre. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisanse. Siku hizi muda ni mfupi, basi ukianza kutafuta njia katika mwaka wa tatu, umechelewa.

Mwaka wa kwanza, shika msingi na usiuache: fonetiki na fonolojia, morfolojia, sentaksi, semantiki. Bila hivyo utakuwa mtu wa kusema juu ya lugha kama kila mtu kwenye baa. Jifunze kuandika sauti kwa alfabeti ya fonetiki ya kimataifa. Na usome Kingereza, juu vitabu mingi juu ya Kinande na juu ya Kiswahili ya Congo iko kwa Kingereza.

Mwaka wa pili, funguka. Chagua fakilte moja ya pili, si tatu. Kama shida yako ni sheria, tafuta masomo ya droit pénal na procédure. Kama ni afya, tafuta afya ya jamii na sosiolojia. Kama ni kompyuta, tafuta takwimu na programu. Najua mutaniambia: kwetu programu imefungwa, mwanafunzi hachagui. Ni kweli kwa fasi mingi. Basi omba ruhusa ya kuingia kama msikilizaji huru. Mingi inategemea profesa mmoja tu kukubali. Kredi hutapata, lakini elimu hakuna atakayekunyanganya.

Mwaka wa tatu, peleka yote katika kazi yako ya mwisho na katika stage. Hapo ndipo unakuwa na uhuru. Usiandike kichwa cha kunakili toka kazi ya mkubwa wako. Andika, kwa mfano, namna mashahidi wanatafsiriwa katika tribinali ya mji wako, ao namna wamama wa soko wanasikia matangazo ya chanjo. Omba wasimamizi wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa fakilte ile ingine.

Na mbele ya hayo yote, mbele hata ya kulipa, uende kwa apparitorat ukaombe programu ya miaka mitatu kwa maandishi. Soma masomo moja moja. Uliza nani anayafundisha, na kama alifika mwaka jana ao somo lilikuwa kwenye karatasi tu. Kama hawataki kukuonyesha programu, hilo pia ni jibu. Muende wawili ao watatu. Mmoja anafukuzwa vyepesi.

Siwaahidi kazi. Hakuna diplome inayoahidi kazi katika inchi hii, hata ile ya droit. Lakini tribinali, hospitali, radio na mashirika vinafanya kazi na watu wetu kila siku kupitia lugha, na mara mingi aliyepewa kazi ya kutafsiri ni yule tu aliyekuwa karibu. Mtu anahukumiwa ao anaponywa kufuatana na maneno ya huyo. Hiyo nafasi inapashwa kukaliwa na mtu aliyeisomea.

Basi mjomba akiuliza tena, mwambie: ni kwa kufanya sheria, dawa na mashine zisikilizane na watu wetu. Kisha mwonyeshe ile programu, na kredi zake 180.

Maswali sasa, na wadada waanze.