Arusi ya Mkristu na Gharama Zake
Hotuba kwa Wakristu na walimu wa Sepuka



Katika wakati wa jubilei watu hupenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopewa daraja, na watoto waliobatizwa. Ni vema. Jimbo letu la Singida liliundwa mwaka 1972, likampata askofu wake wa kwanza, Bernard Mabula, na mwaka 2022 likatimiza miaka 50. Tunayo mengi ya kumshukuru Mungu. Walakini leo twataka kunena juu ya hesabu nyingine, isiyoandikwa sana katika vitabu vya sherehe, nayo ni hesabu ya wale wanaobaki katika mabenchi wakati wa komunio. Ninyi mwawajua. Ni baba na mama waliotulia nyumbani mwao miaka sita, kumi, pengine ishirini. Walima pamoja, wasomesha watoto, waja misa kila Jumapili na kutoa sadaka. Lakini Ekaristi Takatifu hawaipokei, kwa kuwa hawajafunga ndoa. Watu wameupa uchumba huo jina la mzaha, wauita uchumba sugu. Na ukimwuliza mume sababu, hakujibu ya kwamba hampendi mwenzake, wala ya kwamba imani imempoa. Hujibu, "Bado tunajipanga."

Neno hilo, kujipanga, yafaa tulitazame vizuri. Si habari ya mahari, maana mara nyingi ng'ombe wa mahari wamekwisha toka zizini kwa baba wa kijana, au wazee wamekwisha patana juu yao. Si habari ya mafundisho, maana wote wawili wamekipitia chuo cha dini tangu utoto. Wanachokingoja ni karamu. Kamati iundwe, kadi za mchango zichapwe, zitembezwe. Kwanza wanawake wafanye sherehe yao ya kumfunda bibi arusi, ile iitwayo kichenpati; kisha ifanywe sendofu, ya kumwaga binti kwao; kisha arusi yenyewe, na ukumbi wake, na mapambo, na spika, na mshereheshaji wa kulipwa, na mpiga picha za video, na magari yenye riboni, na keki, na sare ya kitambaa kimoja kwa ndugu wote. Zamani mambo hayo yalikuwa ya Dar es Salaam na Arusha. Sasa yameifuata barabara kutoka Singida mjini mpaka kwetu, na kwa njia ya simu yamefika hata katika vijiji ambavyo gari hukwama wakati wa masika.

Sisi hatusemi ya kwamba karamu ni dhambi. Bwana wetu Yezu Kristu alikwenda arusini Kana, wala hakwenda kukaripia. Divai ilipopungua, aliiongeza. Lakini tazameni jambo moja katika habari hiyo: watu wale wa Kana walikuwa wamekwisha oana kabla divai haijapungua. Hawakuiahirisha ndoa mpaka mitungi ijae. Kwetu mambo yamegeuka juu chini, mitungi ndiyo inayongojewa kwanza.

Tena twaishi katika nchi ya mvua moja. Mwajua ninyi mlimao mtama, uwele na alizeti ya kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, na zikikosa hatuna msimu wa pili wa kujiponya. Kwa hiyo gunia la alizeti katika nyumba ya Sepuka ni daftari na viatu vya shule, ni dawa, ni chakula cha Januari na Februari, wakati ghala i tupu na shamba lingali bichi. Kijana auzaye maksai wake wawili ili alipe ukumbi wa usiku mmoja, atalima kwa nini mvua zikianza? Na yeye akopaye katika vikoba kwa ajili ya keki, hulipa riba ya kitu kilichokwisha liwa. Twakumbuka ya kwamba katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kumrudishia mtu shamba lake lililouzwa kwa shida, na mtumwa kurudi kwa watu wake. Ni ajabu basi tukisherehekea jubilei huku vijana wetu waingia unyumba wakiwa wadeni.

Juu ya michango twataka kusema kwa haki. Asili yake ni nzuri. Wazee wetu walisaidiana: huyu alileta mtama wa kupikia pombe, yule kuku, yule kuni, na mwenye mikono mitupu alichota maji akala pamoja na wengine, wala hakuna aliyemwuliza kadi yake. Udugu huo na uendelee. Lakini kadi ya leo ina kiasi kilichoandikwa, cha mtu mmoja na cha watu wawili, naye asiyefikisha kiasi hapati kadi ya kuingilia. Hivyo jirani aliyemlea bibi arusi mgongoni huweza kukaa nje ya turubai akisikiliza muziki, na mtu asiyemjua bibi arusi hata kwa jina akaketi mbele kwa kuwa alilipa. Mwokozi wetu alifundisha, katika Luka sura ya 14, ya kuwa afanyaye karamu awaite maskini, vilema na vipofu, wasio na kitu cha kumlipa. Kadi zetu zimefanya kinyume chake kabisa.

Nanyi walimu mna shida yenu ya pekee. Mshahara haujatoka, kadi nne zimekwisha kungojea mezani, na mwenye kadi ni mwalimu mwenzako, au mzazi wa mwanafunzi wako. Ukikataa, waitwa bahili. Twaijua aibu hiyo. Lakini mwalimu ndiye atazamwaye. Mwalimu mmoja akifunga ndoa yake katika misa ya Jumapili, na baadaye kuwapa watu wali na maharagwe chini ya mwembe, atakuwa amefungua njia kwa kaya nyingi kupita hotuba zetu kumi.

Sasa yatupasa kuuliza, Kanisa lenyewe lataka nini? Tangu Mtaguso wa Trento, ulioamuru jambo hili mwaka 1563, Kanisa lataka watu wawili walio huru, wakubaliane kwa hiari, mbele ya padre mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Ndoa hufanywa na kukubaliana kwao. Keki haimo. Ukumbi haumo. Tena sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, yamwonya mhudumu aangalie maskini wasikoseshwe sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Ikiwa basi Kanisa halikumfungia maskini mlango, ni nani aliyeufunga? Ni sisi wenyewe, kwa neno lile la "watu watasemaje?"

Hata shela jeupe, ambalo binti zetu hulilia kana kwamba liliamriwa mlimani Sinai, lina historia fupi. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 alivaa nguo nyeupe, na matajiri wa Ulaya wakamwiga, na watu wa kawaida wakawaiga matajiri. Mwenye nalo avae. Asiye nalo, kitenge kilichofuliwa vizuri chamtosha, naye atakuwa hajapungukiwa na neema hata chembe.

Na mkitaka mfano wa watu wa karibu na siku zetu, watazameni Louis Martin, fundi wa saa, na Zélie Guérin, mfumaji wa lesi, wa mji wa Alençon huko Ufaransa. Hawa walifunga ndoa kanisani usiku wa manane, tarehe 13 Julai 1858. Hawakuwa maskini, walikuwa na kazi nzuri. Binti yao mdogo ndiye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, msimamizi wa misioni, na wao wenyewe Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Papa huyo huyo, katika barua yake juu ya upendo wa jamaa ya mwaka 2016, alisikitika ya kuwa wachumba huufikia mwisho wa matayarisho wakiwa wamechoka kwa ajili ya nguo na wageni, na ya kuwa wengine hawaoani kamwe kwa sababu ya gharama. Mtu angedhani aliandika akiwa ameketi Sepuka.

Iko na hatari nyingine, ambayo watu huikumbuka wamekwisha chelewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ya kwamba mume na mke wakithibitika wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana hivyo na watu, hudhaniwa kuwa wameoana. Wengi hujifariji kwa sheria hiyo. Lakini kudhaniwa si kuthibitika. Dhana yaweza kupingwa. Mume akifariki leo, na ndugu zake wakataka shamba, mama yule hana cheti cha kuonyesha. Hana budi kuleta mashahidi mbele ya hakimu, katika siku zile zile za kilio, ili ajulikane kuwa alikuwa mke katika nyumba aliyoipaka udongo kwa mikono yake. Ninyi akina baba mnaosema mwawapenda wake zenu, mwakubali kuwaachia urithi wa namna hiyo kwa ajili ya sherehe iliyokosa fedha?

Wazazi, neno letu la mwisho ni kwenu, kwa kuwa mara nyingi vijana wako tayari, nanyi ndio mnaowazuia. Baba asema, "Mwanangu wa kwanza hawezi kuolewa kama mtu anayezikwa." Shangazi asema, "Sisi tulichangia za wenzetu, nasi lazima turudishiwe." Twaufahamu uchungu wenu. Lakini fedha mliyochanga kwa wenzenu kama mliitoa kwa upendo, mlikwisha itoa. Na kama mliikopesha, mdaini mkopaji, msimweke binti yenu mbali na meza ya Bwana miaka kumi awe rehani yenu.

Wenye nia na waje kwa mwalimu wa kigango chao, au kwa mwenyekiti wa jumuiya yao, wafikishwe kwa padre. Waje na vyeti vya ubatizo, na majina ya mashahidi wawili walio Wakristu wema. Tangazo la serikali lahitaji siku zisizopungua 21, na matangazo ya kanisani husomwa katika muda huo huo, hivyo hakuna kukaa sana. Wakiwa jozi tano au sita, wafunge ndoa siku moja, katika misa moja. Na wanawake wa jumuiya wakitaka kupika, kila mmoja alete alicho nacho nyumbani, mchele au maharagwe au kuni, na kadi isiulizwe mlangoni.