Mto Nairobi na Haki za Waja



Mto Nairobi haukomei Nairobi. Huingia Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwagikia baharini karibu na Malindi. Litupwalo Gikomba huwateremkia watu ambao hawajapata kuiona Gikomba.

Serikali haikukaa kimya. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, alisafisha sehemu ya mto huo, na bustani ikapandwa kandokando yake. Mwaka 2022 iliundwa tume ya mito ya Nairobi, na mwaka 2025 kazi ikaanzishwa upya. Kwa nini upya? Kwa kuwa kizolewacho mchana hurudishwa usiku, kwa bomba la choo lililofichwa nyuma ya nyumba za kupangisha.

Mtume (S.A.W.) alikataza kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini. Na mwenye bomba hilo huenda husali safu ya kwanza! Dhuluma ya waja haifutwi kwa istighfari peke yake. Sharti aliyedhulumiwa aombwe radhi. Je, atawaombaje radhi watu wa Sabaki, asiowajua kwa sura wala kwa idadi? Basi na aanze kwa kuliziba bomba lake leo, kabla ya Alasiri.