Damu kwenye mkojo: usisubiri

Leo tunazungumzia saratani ya kibofu cha mkojo. Inaanzaje, na kwa nini inakua?

Mwili wetu umejengwa kwa seli. Ndani ya seli mna maagizo tuliyorithi kwa wazazi, na kila agizo tunaliita jeni. Ziko jeni zinazoiambia seli igawanyike ili kujaza nafasi ya seli iliyokufa. Kazi ikiisha, agizo hukoma. Ni kama bomba letu la maji: ndoo ikijaa, tunafunga.

Sasa fikiria bomba lililoharibika, lisilofungika. Mwaka 1982 wanasayansi huko Marekani walichunguza seli za saratani ya kibofu. Walikuta jeni moja, iitwayo RAS, imebadilika herufi moja tu katika maandishi yake. Herufi hiyo moja ilitosha: agizo la kugawanyika halikukoma tena. Seli zikizidi hivyo, huwa uvimbe.

Nani huharibu jeni? Si mchawi wala si laana, na ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja. Sumu ya moshi wa tumbaku huingia kwenye damu, figo huichuja, kisha hukaa kibofuni pamoja na mkojo. Kichocho nacho kina hatari yake: mayai ya minyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuujeruhi kwa miaka. Seli hugawanyika tena na tena kuziba majeraha, na makosa huongezeka.

Dalili kubwa ni damu kwenye mkojo, mara nyingi bila maumivu. Huja leo, ikapotea wiki kadhaa. Ikipotea, usiseme umepona. Mama uliyekoma hedhi, usidhani imerudi. Baba, usifiche kwa aibu.

Huenda ni kichocho, mawe au maambukizi, na hayo yana tiba. Nenda kituo cha afya upimwe mkojo. Ukipewa dawa na damu ikarudi, nawe rudi. Mwambie mhudumu waziwazi: "Nimetibiwa, damu imerudi." Kisha uliza kuhusu rufaa. Saratani hii ikigunduliwa mapema, uvimbe unaweza kuondolewa ungali mdogo.

Mwambie na jirani asiye na redio. Usiku mwema.