Asili ya Mji wa Kilwa Kisiwani

Twanena habari za Kilwa Kisiwani. Yasimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenye nchi akahamia bara. Siku hizo maji yakipwa watu huvuka kwa miguu. Mnunuzi, akichelea mwenyeji asirudi na jeshi, akauchimba mkondo. Mnunuzi mwerevu huyo!

Lakini wachimbuaji wa mambo ya kale wameona, chini ya majengo ya mawe, vigae na mabaki ya nyumba za miti na udongo tangu karne ya 9. Basi wenyeji walikwisha kuuanzisha mji kabla ya nguo kupimwa. Dhahabu ya Sofala iliutajirisha. Ibn Battuta aliusifu mwaka 1331. Wareno waliupora mwaka 1505.