Sikiliza Breki Zako

Jioni hii tuzungumze juu ya kelele za breki za pikapu, kwa maana gari hilo huchukua maziwa, magunia, na mara nyingi watu.

Kelele si zote moja. Mlio mwembamba ukanyagapo breki mara nyingi ni kibati cha pedi za mbele, kilichowekwa makusudi kikwaruze diski pedi zinapokaribia kwisha. Mkwaruzo mzito huenda ni chuma juu ya chuma. Usiendelee na safari. Lakini breki ikilia kama mlango mkavu, nawe wakanyaga polepole gari limesimama, chunguza nyuma: huenda viatu vya breki vinasugua bamba lililokauka. Fundi afungue ngoma, apanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji wala asilipulize, kisha apake grisi kidogo ya breki, ile istahimiliyo joto, pale viatu vinapoegemea bamba. Isiguse kamwe sehemu inayoshika ngoma.

Ndugu dereva, wako wanaoongeza sauti ya redio wasisikie breki. Kuzoea kelele si kupona. Mteremko wa Mai Mahiu haubembelezi mtu, na nyuma yako wameketi watoto wa wenzako. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaherini.