KILABU KILIPOVUNJWA
(Maneno ya Mweka Hazina katika sherehe ya miaka kumi)



Nimepewa dakika chache nieleze kikundi chetu kilikotoka. Wengine wanaona haya, mimi nasema: tumetoka kilabuni.

Wenyeji mnakikumbuka kile kilabu cha pombe za kienyeji, mabenchi ya mbao, huku mbege, kule komoni. Mbege si mchezo, jamani. Ndizi mbivu uzichemshe, uchuje, kimea cha ulezi ukianike, ukisage, upike uji, uchanganye, kisha usubiri ichachuke. Kuni na maji vyote vya kununua. Kwa pipa moja mtoto alipata sare ya shule. Na pale pale kila Jumamosi tulicheza upatu, wanawake kumi na wawili. Hata misiba tulipeana habari pale, na mchango ukaanzia pale.

Sisemi kilikuwa mahali patakatifu. Wapo wanaume walioacha mshahara pale, na wake zao wamo humu ukumbini. Poleni mama zangu, hilo nalo ni kweli.

Mwaka 2014 tukaona alama nyekundu ukutani. Jiji linapanuliwa, tupishe barabara na majengo mapya. Wakaja kupima kuta, bati na choo. Mwenye kilabu akalipwa. Sisi wauzaji tukaulizwa: hesabu zenu ziko wapi?

Kumbe kanuni za fidia za mwaka 2001 zilitambua faida iliyopotea. Faida halisi ya mwezi mmoja ilizidishwa kwa miezi 36. Miezi 36, akina mama! Lakini ulitakiwa ushahidi wa hesabu. Zetu zilikuwa kichwani, na madeni tuliandika kwa chaki mlangoni. Mlango ukaondoka na tingatinga. Hatukupata hata senti.

Mwaka 2015 tukakutana saba, wengine wametawanyika. Fedha yetu ya kwanza hatukununua sufuria, tulinunua kaunta buku na kalamu. Ndiyo maana nawasumbua kila wiki: umeuza nini, umetumia nini, andika, weka sahihi. Mama lishe, muuza mkaa, muuza vitenge, wote. Msinichoke. Leo pana soko, kesho hatujui.

La mwisho. Kilabu kilipovunjwa, zamu ya upatu ilikuwa ya mwenzetu mmoja. Hakupokea, akahama, hatukujua alikokwenda. Jina lake tuliliandika ukurasa wa kwanza, na fedha yake tumeitenga mpaka leo. Nyinyi mliokaa naye jirani, ulizeni huko mnakokwenda. Tukimpata, tutamlipa mbele yenu, na nitafurahi kuufunga ukurasa ule.